Msukule Hapandi Mlima

Kanuni ya kwanza niliyoitunga ilikuwa hii: msukule hapandi mlima. Akifika penye mwinuko anakaa chini kusubiri bodaboda. Basi wewe usisubiri bodaboda, mtakutana kijiweni.

Watu wa Bonde la Kilasi walicheka, nami nikajua nimepata kazi.

Kabla yangu, ofisi yetu ya tahadhari ilikuwa inawaambia ukweli mtupu. Juu ya bonde letu kuna ziwa lililokaa ndani ya mdomo wa volkano ya kale, na chini ya maji yake imejikusanya hewa nzito ambayo siku ikitoka itashuka mabondeni, na kila kinachopumua kitalala. Ukweli huo ulitangazwa kila wiki kwa sauti ya mwanamume aliyekuwa kama anasoma wosia. Ofisi ilikuwa imegawa kibuyu kwa kila nyumba. Ni chombo chenye umbo la kibuyu kweli, kinatundikwa juu ya mlango wa jikoni, kinasikia, kinasema, na kinajifunza tabia za wenye nyumba. Baada ya miezi michache vibuyu vingi vilikuwa vinatundikiwa vitunguu. Mtu akitishwa kila siku na jambo ambalo haliji, anafanya nini? Anatafuta matumizi mengine ya chombo.

Wakubwa wa mjini wakaja na wazo: tuwafundishe kwa mzaha, tujifanye kuna mlipuko wa mazombi. Wakatuletea na maandishi tayari. Niliyasoma jikoni kwa shangazi yangu na hakuna aliyecheka hata kidogo. Zombi ni mtu wa kwenye filamu, hana ukoo, hajulikani ametoka wapi, anapigwa risasi na habari yake inaishia hapo. Nikafuta neno zombi kila lilipokuwa, nikaandika msukule. Shangazi akaacha kumenya ndizi. "Hebu soma tena," akasema.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili sana.

Kila kanuni niliificha ndani yake kitu cha kuokoa maisha. Usijifiche uvunguni, huko ndiko msukule anakotafuta kwanza: kwa kuwa hewa ile hukaa chini, na anayelala chini hufa mapema. Mbuzi na mbwa wafungue kamba. Usirudi kuchukua chaja, wengi wamegeuka misukule kwa sababu ya chaja. Mama mkwe mpandishe wa kwanza, maana ukimsahau, msukule atakuwa tatizo lako dogo. Watoto walizikariri, walevi wakazibishania, na siku za mazoezi bonde zima lilipanda kilima cha Isyeto huku watu wakisukumana na kutaniana. Vitunguu vikatolewa kwenye vibuyu.

Mhandisi Ambakisye, mkuu wangu wa kazi, hakuwahi kucheka hata mara moja. Lakini aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile analala usingizi.

*

Alikuja mezani kwangu asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, na uso wake ukanifanya nisimame.

"Tusekile, mizizi imetikisika."

Mizizi ni nyaya tulizozishusha mpaka kwenye tope la chini ya ziwa, zenye vipimo vinavyohisi hewa inapoanza kujinyanyua. Kwenye kioo niliona mstari uliozoea kulala sasa unapanda.

"Inalipuka?"

"Hailipuki, inafurika. Umeona maziwa yanavyochemka kwa moto mdogo? Itapita korongoni, itaingia bondeni, itajaa kuanzia chini kwenda juu. Tuna muda kidogo." Akanisogezea kipaza sauti. "Sema unavyojua. Lakini leo si mazoezi."

Nilikuwa na pumzi moja tu ya kuamua, na nikaamua bila kusita. Ningesema hewa, wangekwenda kwanza kuchungulia hewa ipoje. Nikasema kwa sauti yangu ya kila siku, "Haya jamani, misukule wameamka ziwani, na leo hawajanywa chai! Kilima cha Isyeto, wote, sasa hivi. Atakayerudi kuchukua chaja simtambui."

Walipanda. Nilitaka kulia kwa furaha. Kila kibuyu kikihakikisha nyumba haina mtu, taa yake huzimika kwenye ramani yetu, na taa zile zilizimika moja baada ya nyingine kutoka chini ya bonde kuja juu. Kupitia vibuyu nilisikia milango ikifungwa, mbuzi wakifunguliwa, mama mmoja akimwambia mkwewe, "Tangulia, mama, wewe ndiye wa kwanza kisheria." Watu walikuwa wanakimbia kifo na kicheko mdomoni.

Taa moja ikabaki. Ilikuwa chini kabisa, nyumba ya mwisho kabla ya mto.

"Ya nani?" Ambakisye akauliza, ingawa alijua.

Ilikuwa ya Bibi Subilaga Mwakyoma. Nikafungua mazungumzo ya kibuyu chake.

"Bibi, misukule wanakuja," kibuyu kilikuwa kinasema. "Tafadhali panda."

"Nimesikia," akajibu, na nyuma ya sauti yake mfuniko ukagonga sufuria. "Ndiyo maana napika."

*

Bonde zima linajua habari ya mtoto wake. Gwakisa alikwenda kufanya kazi machimboni, mbali, na mwaka jana akarudishwa ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Waliomleta walisema lisifunguliwe. Mama yake aliomba, kisha akapiga magoti, na wanaume wa ukoo wakamwinua kwa upole na kumzika kijana bila kumfunulia sanduku. Bibi hakulia, wala hakukubali watu wakae matanga. "Mmezika mgomba," aliwaambia. Sisi sote tumekua tukisikia hivyo: mtu akichukuliwa msukule, kinachozikwa ni kipande cha mgomba kilichovalishwa sura yake, naye mwenyewe yuko mahali analima usiku, analishwa pumba, hawezi kumwita hata mama yake.

Nami nilikuwa nimemwambia, kwa sauti ya uchangamfu, kwamba misukule wanakuja.

Zombi hana mama. Msukule anaye. Hicho ndicho nilichokisahau wakati najiona nina akili.

Kibuyu kikatoa mlio mdogo, na maneno yakajiandika kwenye kioo: *Nina sauti ya Gwakisa Mwakyoma kutoka siku alizokuwa nyumbani. Naweza kumwita mama yake kilimani kwa sauti hiyo. Nina hakika atapanda.*

"Iruhusu," Ambakisye akasema.

"Mhandisi."

"Mtoe bondeni kwanza. Dhambi tutaitubu mchana."

Niliomba nisikie kabla. Kibuyu kikasema, taratibu, kwa sauti ya kijana wa rika langu: "Mama, niko huku juu. Njoo." Hakuna mama ambaye asingepanda. Nami nikamwona amefika kilimani, anapita kutoka kwa mtu hadi mtu akitazama nyuso, na kesho anapita tena, na kila siku ya maisha yake, maana sasa amemsikia kwa masikio yake. Nitamtoa kwenye bonde moja nimtumbukize kwenye lingine lisilo na kilima.

Lakini afe, je? Kumwachia mtu ukweli halafu akafa nao si heshima kubwa.

"Nipe pikipiki na barakoa ya hewa," nikasema. "Nikishindwa, hewa ikifika kiunoni mwangu, uicheze. Sitakulaumu."

Ambakisye alinitazama, kisha akanivika mtungi mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza mikanda kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. "Kiunoni," akasema. "Si kifuani, Tusekile."

Barakoa ilikuwa moja. Nyingine zilikuwa bado zinaandikiwa barua mjini.

*

Pikipiki ilinifikisha karibu na daraja, ikakohoa, ikazima. Injini nayo hupumua. Nikajua nimeingia kwenye ukingo wake. Ukiinama ilikuwa inachoma pua kama soda iliyopanda vibaya, ukisimama wima hakuna kitu, ni asubuhi nzuri tu na migomba inang'aa. Kuku walikuwa wamelala njiani kwa mpangilio, kama waliochoka. Nikavaa barakoa.

Sikumkuta ndani. Alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ameketi juu ya kaburi lenyewe, na saruji ile iliyoinuka ndiyo iliyokuwa imemweka hai. Amevaa gauni la kanisani. Pembeni yake, juu ya matofali mawili, kuna sufuria ya ndizi za nyama. Na kibuyu amekitungua, amekipakata.

Nikavua barakoa ili anione.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sauti hii naijua. Wewe ndiye yule wa kwenye kibuyu." Akanitazama juu mpaka chini. "Kumbe u mdogo hivi. Kaa basi. Nilikuwa napuliza makaa haya yasizime, yananishinda. Sijui kuni za leo zimekuwaje."

Makaa chini ya sufuria yalikuwa meusi kabisa.

"Kuni hazina kosa, bibi. Hewa ya chini ni mbaya. Twende juu."

"Nenda, mwanangu, wewe una mama yako huko. Mimi nina mgeni." Akafunika vizuri sufuria. "Nimetia chumvi nyingi makusudi. Mwaka mzima pumba tu, hata ulimi unasahau."

Hewa ilikuwa imefika magotini. Kwenye redio iliyokuwa sikioni mwangu Ambakisye, aliyekuwa akisoma vipimo ofisini, alisema kwa sauti ndogo, "Inapanda haraka kuliko nilivyodhani." Nilimvisha bibi barakoa, akaikubali kama anavyokubali mtu kofia aliyozawadiwa na mtoto, huku macho yake yakitazama njia ya ziwani.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima na maneno ya busara. Hayakuja. Nikapiga magoti mbele yake, kichwa nikikiinua juu ili nipumue, nikamwambia yalivyo.

"Bibi, ndani ya hicho kibuyu mna vitu viwili vya Gwakisa. Kimoja ni sauti. Naweza kuiambia ikuite, nayo itakuita, utadhani ni yeye. Lakini hatakuwa yeye. Nitakuwa mimi."

Mikono yake ikakaza kwenye kibuyu.

"Na cha pili?"

"Kibuyu hutunza vicheko vya watu, kipate kujua nyumba ipi inapenda utani upi. Kuna siku alicheka. Hicho ni chake mwenyewe. Sikukigusa."

Akasema, "Nipe chake."

Nikamwambia Ambakisye. Mara kibuyu kikajaa jiko la siku nyingine: mlio wa vyombo, mvua juu ya bati, sauti yangu ikisema upuuzi wangu wa chaja, na kijana akaangua kicheko, kicheko cha tumboni kinachomkata mtu pumzi. "Mama! Mama, njoo umsikie huyu dada, eti chaja! Huyu anatujua!" Na sauti ya mama yake, kutoka mbali kidogo: "Anakujua wewe, uliyerudi stendi kwa ajili ya waya." Kicheko kikaanza upya. Kisha kikakatika, maana hapo ndipo kilipokuwa kimeishia.

Bibi aliinamisha kichwa mpaka kikagusa kibuyu.

"Nilikuwa namtania," akasema ndani ya barakoa. "Alicheka hapo hapo mpaka chai ikampalia."

"Ndiyo, bibi."

"Mwanangu. Hao misukule." Akainua uso. "Wako wapi sasa hivi? Wamefika darajani?"

Huo ndio mlango niliouogopa, na hakukuwa na kanuni ya kuchekesha ya kupitia.

"Hakuna misukule, bibi. Ziwa linatoa hewa mbaya. Misukule niliwaleta mimi ili watu wapande mlima bila kuogopa."

"Kwa hiyo hawaji."

"Hawaji."

"Hata mmoja."

"Hata mmoja, bibi. Nisamehe."

Alitazama sufuria. Sijawahi kuona mtu akitazama chakula vile. Baadaye akaniuliza, bila hasira, kama anayetaka tu kuelewa, "Mbona hukusema hewa tangu mwanzo?"

"Nilidhani watu hawatapanda."

Akafikiri. "Wengine, kweli, wasingepanda. Ni wabishi." Akanishika shavu kwa kiganja chake kikavu. "Mimi ningepanda, mwanangu."

Alikuwa ndiye mtu pekee katika bonde lile ambaye kibuyu chake hakijawahi kutundikiwa kitunguu; alikuwa akikisikiliza kila wiki, ule wosia wote, mpaka mwisho. Nilijua hilo. Lipo kwenye kumbukumbu zetu. Nilitunga maneno kwa ajili ya wabishi, nikayapeleka na kwake.

"Kiunoni," Ambakisye akasema sikioni, na sauti yake ikavunjika. "Tusekile, ni kiunoni. Naicheza."

"Usiicheze!" nikapiga kelele, na bibi akashtuka. "Usiicheze, anakuja. Bibi, unakuja?"

Hakuniambia ndiyo. Aliinua mikono tu, kama mtoto anayetaka kubebwa.

*

Nilimbeba mgongoni kwa khanga yake mwenyewe, mtungi nikaufunga kifuani. Alikuwa mwepesi. Kizito kilikuwa sufuria.

"Bibi, iache hiyo!"

"Siiachi."

"Tutakufa kwa ajili ya ndizi!"

"Basi tembea, acha kusema. Mdomo unakula hewa."

Huyo ndiye mwanamke ambaye kibuyu chetu kilimwandika kuwa hapendi utani. Nilitembea. Uso nimeuinua kama mtu anayevuka mto wenye maji mengi, na kwa kweli ulikuwa mto, ila hauonekani. Baada ya daraja njia inakunja na kupanda, na hapo ndipo nilipojikwaa kwenye mzizi nikaenda chini kwa magoti. Pumzi niliyovuta ilikuwa miiba mitupu. Migomba ikaanza kuwa myeusi pembeni. Nakumbuka nikifikiri, bila woga wowote, kwamba pale chini ni pazuri kulala.

Kitu kikanibana usoni. Alikuwa amevua barakoa akanibandika mimi, kwa nguvu, akiipiga piga kwa kiganja ili ikae. "Vuta," aliniambia sikioni huku yeye amebana pumzi yake. "Vuta, Tusekile. Inuka." Sikujua kama analijua jina langu.

Nikainuka. Tulipanda tukipokezana, pumzi zangu kadhaa, zake kadhaa, na wakati wote ule sufuria ilikuwa imenikalia begani, mchuzi wa moto ukinidondokea shingoni.

Kilimani walituona kwa mbali na wakashangilia. Walidhani ni sehemu ya mchezo. "Bibi kapanda bodaboda!" mtu akaita, na watu wakacheka, mimi nikaanguka kwenye nyasi nikimeza hewa. Ambakisye alifika mbio kutoka ofisini akanishika kichwa, akakishikilia tu. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakujishughulisha kuyafuta.

Bibi Subilaga alisimama kwa miguu yake. Akanyoosha gauni. Akatazama nyuso za pale, zote, na niliogopa, nikajua anatafuta. Lakini alikuwa anahesabu walaji. Akaagiza majani ya mgomba, wakamletea. Akayatandaza juu ya nyasi mbele ya watu wote, akafunua sufuria, akaanza kupakua kwa mkono, fungu kwa fungu, bila haraka. Kicheko kilipungua taratibu mpaka kikaisha. Wanawake wa rika lake walielewa kabla yetu. Mmoja wao alifungua kitenge alichojitanda begani, akajifunga kiunoni.

Lilipopakuliwa fungu la mwisho, bibi alikaa chini, akainyoosha miguu mbele yake kama wanavyokaa wafiwa.

"Njooni mle," akasema. "Gwakisa amekufa. Njooni mnisaidie kulia."